Behewa la Wanaume

Aliyemtia Morta katika shughuli ile alikuwa Jurgita, binti wa jirani yake wa ghorofa ya chini, wala hakumtia kwa ubaya. Jurgita alikuwa ameajiriwa na kampuni ya filamu iliyoingia Lithuania na msururu wa malori, Waitaliano na Wajerumani walioungana kutengeneza sinema ya riwaya moja nene ya Kirusi, ile ambayo kila mtoto aliyesoma enzi za Wasovieti alilazimishwa kuimaliza na karibu wote walidanganya kwamba wameimaliza. Kazi ya Jurgita ilikuwa kutafuta watu wa kujaza picha: wapita njia, wasafiri, wanawake wa sokoni. Jumapili moja ya Februari alipanda ngazi mpaka kwa Morta, akakaa jikoni bila hata kuvua koti.

"Shangazi, natafuta nyuso," alisema. "Vijana ninao tele, lakini wote wana meno ya kung'aa na nyusi za kuchonga. Mwongozaji kanifukuza nao. Anataka wazee."

"Wazee wamejaa makaburini, kawachukue," Morta alimjibu huku akimkatia mkate mweusi.

"Nakutaka wewe na mjomba Liudvikas. Mtakaa ndani ya stesheni ya zamani, karibu na jiko la moto, mtajifanya mnasubiri treni huku mnakunywa chai. Basi. Kazi yenyewe ni kukaa."

Liudvikas alikuwa dirishani akitazama theluji. Akageuka.

"Treni ya moshi?"

"Ya moshi kabisa, mjomba. Imetolewa makumbusho, imepakwa mafuta, inapiga na honi."

"Twende," akasema Liudvikas, akaenda kutafuta kofia yake saa ileile, na Morta ikambidi amweleze mara tatu kwamba safari ni Alhamisi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku hizo. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, fundi mbao mstaafu ambaye hakuwahi kuoa, na tangu Morta afiwe na mumewe walikuwa wakiishi wawili katika nyumba ile mjini Ukmergė. Maradhi ya kusahau yalimwanza polepole. Alikuwa akitia funguo katika kopo la chumvi. Kijiko alikiita "kile cha kuchotea". Lakini dada yake alimjua. Asubuhi akiamka alimwita Mortelė, kama alivyomwita tangu utotoni, na hapo Morta alijua kwamba siku hiyo nayo itapita.

Naye Morta alikuwa na sababu ya kuishika akili ya kaka yake kuliko mtu anavyoshika mali. Mambo ya Juni mwaka arobaini na moja hakuyakumbuka mwenyewe. Alikuwa na miaka mitano tu. Liudvikas, aliyekuwa na kumi na mmoja, ndiye aliyekumbuka kwa ajili yao wote wawili. Yeye ndiye aliyejua jinsi askari wa Kisovieti walivyokuja alfajiri na lori, jinsi baba yao mwalimu alivyovaa viatu vya kanisani kwa kudhani anakwenda kuhojiwa, na jinsi kwenye stesheni amri ilivyotolewa kwa Kirusi, wanaume wapande mabehewa ya kule, wanawake na watoto ya huku, mtakutana mbele ya safari. Hawakukutana. Mama yao alizikwa kwenye barafu, huko Siberia ambako bahari huganda, na Liudvikas ndiye aliyemlea dada yake kwa samaki wa kuiba mpaka mwaka hamsini na sita waliporuhusiwa kurudi. Lolote Morta alilolijua juu ya baba yake, sauti yake, namna alivyopiga chafya, wimbo aliopenda kuukosea, alilipata kinywani mwa Liudvikas.

Je, neno stesheni halikumshtua? Lilimshtua kidogo. Lakini Liudvikas alikuwa amepanda treni maisha yake yote baada ya hapo, tena kwa furaha, na daktari alikuwa amesema mgonjwa atolewe nje, akae na watu, asifungiwe kama kuku. Morta akaona ni heri.

Alhamisi ilianza vizuri kuliko alivyotarajia. Basi liliwachukua asubuhi, likawashusha kwenye stesheni ndogo iliyoachwa miaka mingi katikati ya misonobari, sasa imepakwa rangi upya na kuandikwa kwa herufi za zamani. Katika hema la mavazi walitia sahihi karatasi moja ya kampuni, kisha Liudvikas akavalishwa koti refu la manyoya.

"Hili koti mwenyewe alifia humu nini?" alimuuliza mshonaji. "Mbona linanuka msiba?"

Mshonaji akacheka hadi akachoma kidole na pini. "Babu, wewe ungekuwa bwana mkubwa enzi zile."

"Ningekuwa farasi wake. Lakini farasi mzuri."

Walikaa ndani karibu na jiko, wakapewa chai ya kweli katika glasi, na garimoshi lilipopiga honi nje Liudvikas alipiga goti lake kwa raha kama mtoto. Morta alimtazama, akajisemea moyoni kwamba amefanya jambo la maana.

Ilipofika saa sita Jurgita aliingia mbio, redio mbili za mawasiliano shingoni, uso umemtoka jasho pamoja na baridi yote ile. Mabasi mawili ya watu kutoka Vilnius yalikuwa yamekwama kwenye theluji barabara kuu. Mwongozaji, Bwana Valsecchi, hakutaka kupoteza mwanga wa mchana. Tukio lililokuwa lichukuliwe na watu wale litachukuliwa na watu waliopo. Wote waende hemani wakabadilishe nguo.

Nguo zenyewe zilikuwa makoti ya kijivu yenye kiraka mgongoni. Morta alilishika lake mkononi asilivae.

"Hizi ni za nini?"

"Wafungwa, shangazi," alisema Jurgita, macho yake kwenye karatasi. "Wanapelekwa Siberia. Mnatembea hatua chache tu mpaka kwenye behewa, halafu…" Hapo akanyanyua uso, akaona anaongea na nani. Katika jengo lao hakuna asiyejua habari za Morta na kaka yake. Rangi ilimwondoka. "Yesu wangu. Shangazi, nisamehe. Tangu alfajiri nazungumza na redio mbili, sijui hata jina langu."

"Basi tutoe sisi. Tukakae kwenye basi."

"Nikiwatoa ninyi na wengine watataka kutoka. Wananidai watu sitini na sina hata hamsini. Shangazi, ni dakika ishirini. Nitawaweka pamoja, mkono kwa mkono, nyuma kabisa. Naapa."

Morta alimtazama kaka yake. Alikuwa amekwisha kuvaa lile koti la kijivu na alikuwa akimwonyesha mshonaji jinsi kifungo kilivyoshonwa vibaya. Alikuwa akicheka. Watu wengine hemani walikuwa wanasubiri, wanamtazama yule bibi anayeleta matatizo. Morta aliona haya, ile haya ya mtu mzee ambaye maisha yake yote amejitahidi asiwe mzigo kwa mtu. Akavaa koti. Baadaye, kila alipolala na kila alipoamka, alirudi kwenye dakika ile na kujiuliza kwa nini hakuketi chini hapohapo na kugoma.

Nje, theluji ilikuwa imefagiliwa ikabaki njia moja kuelekea kwenye mabehewa mekundu ya mbao. Msaidizi wa mwongozaji, Mjerumani kijana mwenye adabu nyingi, alipita na kipaza sauti akapanga watu. Wanaume kushoto. Wanawake, waliogawiwa shali za kufunika viraka, kulia, nyuma ya mstari wa askari, maana katika kitabu wao ni jamaa waliokuja kuaga.

"Sisi tuko pamoja," alisema Morta, ameushika mkono wa Liudvikas.

Kijana hakuelewa Kilithuania. Alitabasamu, akamgusa bega kwa upole, akawatenganisha kama mtu anavyotenganisha viti viwili. Morta akamtafuta Jurgita kwa macho. Jurgita alikuwa ng'ambo ya reli anakimbizana na farasi.

"Kaka, nenda na wale, nitakuwa hapa hapa," akamwambia. "Ni mchezo. Umesikia? Ni sinema."

"Nimesikia, Mortelė. Mimi si mtoto," alisema Liudvikas.

Yalikuwa maneno yake ya mwisho akimtambua dada yake.

Kibao cha kuanzisha picha kiligongwa. Garimoshi likatoa mvuke, mbwa wakaachiwa wabweke, na askari wa mchezo, ambao wengi wao walikuwa Warusi wazaliwa wa hapohapo, wakaanza kupaza sauti kwa Kirusi kama walivyofundishwa: haya, haraka, wanaume huku, songa, songa!

Morta alikiona kitu kile kikimwingia kaka yake. Mabega yalipanda hadi masikioni. Akatazama mvuke, akatazama mbwa, akatazama mlango mweusi wa behewa. Kisha akamrukia mwanamume aliyekuwa mbele yake, mfamasia mmoja mwenye ndevu, akaishika mikono ya koti lake kwa mikono miwili.

"Baba!" alilia. "Baba, usiende na wale! Wanadanganya, hatutakutana!"

Ilikuwa sauti ya mtoto katika koo la mzee. Mfamasia alikuwa ameambiwa asigeuke nyuma, basi hakugeuka. Askari mmoja akamsukuma Liudvikas asonge, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa kumsukuma yeyote atakayesimama.

"Mortelė!" alipiga kelele sasa, anageuka huku na huku. "Mortelė yuko wapi? Ana miaka mitano! Nani amemchukua mtoto?"

"Niko hapa!" Morta aliusukuma mstari wa askari. "Liudvikas! Mimi hapa, kaka, nitazame!"

Akamtazama. Walikuwa wametengana hatua nne. Macho yake yalimwona bibi kizee aliyefunga kitambaa, yakampita kama yanavyopita mti, yakaendelea kutafuta chini, kwenye kimo cha mtoto.

"Simamisheni!" Morta alilia. "Mwacheni! Hajui kama ni mchezo, ni mgonjwa, simamisheni!" Askari wakamshika mabega kama walivyopaswa, na wanawake waliomzunguka, walipoona jinsi anavyolia, wakaanza nao kulia, wengine kwa mchezo na wengine kweli. Kamera kubwa juu ya reli yake ilijongea taratibu kuelekea kwa Liudvikas, ikamfuata hadi alipopakiwa ndani.

Neno la kusimama liliposikika, watu wakapiga makofi. Walimpigia Liudvikas.

Jurgita alifika anahema. Alikuwa ameona. Alimshika Morta mkono, wakaenda mpaka kwenye kiti cha Bwana Valsecchi, na Jurgita akaeleza yote kwa Kiitaliano, maneno yakimkwama. Bwana Valsecchi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, si mtu katili. Alisikiliza, akavua miwani, na machozi yalikuwa yamemjaa. Akaushika mkono wa Morta akaubusu.

"Anasemaje?" aliuliza Morta.

"Anasema anaelewa. Anasema miaka arobaini ya kazi hii hajaona uso kama ule. Anasema watamaliza haraka, lakini lazima mara moja tena, kwa sababu mvuke ulimfunika."

"Mwambie hapana."

"Nimemwambia, shangazi."

"Mwambie tena!"

Jurgita akamwambia tena. Bwana Valsecchi alitikisa kichwa kwa huruma kubwa, akavaa miwani, akatazama jua limefika wapi.

Hawakumaliza kwa mara moja. Walirudia mara mbili. Wanaume walishushwa wakapangwa upya, na Liudvikas alisukumwa pamoja nao kama gogo katika mto. Morta alipojaribu kupita chini ya kamba, walinzi wa kampuni, si wa mchezo, walimrudisha, tena kwa heshima, wakimwita mama. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kelele zake zilikuwa zikihitajika.

Walipomaliza, watu walikimbilia supu ya kabichi, na Liudvikas hakushuka. Alikuwa amejikunyata pembeni ndani ya behewa, magoti kifuani, kofia ameifinyanga mkononi. Morta alipandishwa, akapiga magoti mbele yake.

"Twende nyumbani, kaka. Imekwisha."

"Mama, ondoka hapa," alimnong'oneza kwa adabu kama anavyoambiwa mgeni. "Hili ni behewa la wanaume. Watakupiga."

Alimbembeleza, akamvuta, akamwimbia. Wapi! Jurgita akajaribu, mfamasia naye akajaribu, amejaa aibu. Mlangoni alikuwa amesimama mmoja wa wale askari, Vadim, dereva wa basi la mjini katika maisha yake ya kila siku, mtu mnene mwenye masharubu. Alikuwa akilia waziwazi.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nifanye nini?"

Morta alifikiri. Jua lilikuwa linashuka na baridi ilikuwa inaua.

"Mwamrishe," alisema. "Kama ulivyofanya kule. Mimi hanisikii."

"Sitaki kumwamrisha tena, mama."

"Mwamrishe, mwanangu, ataganda humu."

Vadim alijifuta uso kwa kiganja, akajinyoosha, akapaza sauti ile mbaya kwa Kirusi: "Wewe! Inuka! Toka nje!" Na Liudvikas akainuka saa ileile, akatoka, mikono nyuma, kichwa chini, akatembea mpaka kwenye basi akiwa mbele ya dada yake na nyuma ya askari.

Morta aliamini kwamba usingizi utamrudisha. Asubuhi alimkuta ameketi kitandani amevaa viatu. "Shikamoo, bibi mwenye nyumba," alimwambia. "Nashukuru kwa malazi. Hukumwona mtoto wa kike hapa, wa miaka mitano, ana nywele za rangi ya majani makavu?"

"Ni mimi, Liudvikas. Mimi Mortelė."

Alimtazama kwa muda, kisha akakasirika, yeye ambaye hakuwa na hasira. "Usinitanie, bibi. Mtu mzima hatanii jambo kama hilo."

Alimwonyesha picha. Alimwonyesha kovu la kidole alilolipata kwa kisu cha samaki, jeraha ambalo kaka yake mwenyewe ndiye aliyelifunga. Liudvikas alilitazama kovu akampa pole. Akaanza kuficha mkate chini ya godoro, vipande vikubwa na vidogo, na vile vikubwa alivifunga kwa kitambaa, akasema ni vya mtoto.

Daktari alipandisha mabega. Ugonjwa huu una ngazi zake, alisema. Huenda angeshuka tu hata bila ya siku ile, huenda asingeshuka, hakuna wa kusema. Morta alitamani atajwe mtu mmoja wa kulaumiwa. Hata yeye mwenyewe angekubali, mradi aambiwe.

Mwezi wa Aprili Jurgita alikuja na keki ya asali, akakaa kwenye kiti kilekile. Morta alikuwa amemtuma aombe jambo moja tu: picha ile iondolewe kwenye filamu.

"Nimeandika barua mara tatu, shangazi," alisema. "Mara ya tatu ndiyo wamejibu. Wanasema ile karatasi mliyotia sahihi asubuhi inatosha. Wanasema hilo tukio ndilo moyo wa filamu. Na Bwana Valsecchi anawasalimu sana." Hapo akaanza kulia, na Morta ndiye aliyelazimika kumpigapiga mgongo, maana keki ilikuwa imeletwa na binti huyu alikuwa wa watu wazuri, na hakukuwa na mwingine wa kulia naye.

Filamu ilionyeshwa Vilnius mwezi wa Novemba. Morta alikwenda peke yake, akamwacha kaka yake kwa mama wa Jurgita. Alikaa saa mbili akitazama kumbi za dansi, barua, vilio vya wakubwa, mpaka stesheni ikafika. Uso wa Liudvikas ulijaa ukuta mzima. Sauti yake walikuwa wameiondoa. Kulikuwa na fidla tu, na mdomo wake ukifumba na kufumbua chini ya fidla hiyo. Halafu, kwa kitambo kidogo, kikatokea kizee kimoja nyuma ya askari, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama. Morta hakujijua mara moja. Kinywani mwake kulitoka sauti ya mwanamke mwingine, sauti nzuri ya mwigizaji, ikilia: "Nenda na Mungu, mwanangu! Nenda na Mungu!"

Watu walikuwa wakivuta kamasi gizani. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alimwambia mkewe, "Hawa wazee wanajua kuigiza, we!" Morta aliketi mpaka taa zikawashwa, na mtu wa kufagia akamwambia, mama, tunafunga.

Liudvikas aliishi majira mawili ya baridi baada ya hapo. Hakuwa msumbufu. Alimsaidia bibi mwenye nyumba kumenya viazi, alimshukuru kwa kila sahani, na kila siku, wakati mwingine mara kumi, aliuliza habari za mtoto. Mwanzoni Morta aliendelea kusema ni mimi. Kisha akawa anasema sijamwona, na kaka yake alikuwa akitetemeka. Mwishowe akaanza kusema kwamba amemwona, yupo na mama yake, amekula, ana viatu. "Vya ngozi?" aliuliza Liudvikas. "Vya ngozi." Basi alitulia mpaka aliposahau.

Jioni moja karibu na Krismasi, walipokuwa wanamenya viazi, alimtazama Morta kwa makini, kama mtu ambaye ndiyo kwanza amepata nafasi ya kuwaza mambo ya wengine.

"Na wewe, bibi, unahangaika na wageni tu. Huna watu wako?"

"Ninaye kaka," alisema Morta.

"Yupo hai?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Nje majirani walikuwa wakikung'uta theluji kwenye viatu na kuitana majina.

"Yupo hai."

"Basi shukuru Mungu," alisema Liudvikas, akachukua kiazi kingine.